Marufuku ya Pombe Marekani na Magenge ya Uhalifu, 1920–1933: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila unapozuka mjadala wa kupiga pombe marufuku, iwe bungeni au msibani baada ya watu kufa kwa pombe yenye sumu, hatimaye mtu humtaja Al Capone, mkuu wa genge la pombe ya magendo la Chicago. Jina hilo wanalijua wengi, lakini wachache wanajua biashara yake ilivyoendeshwa siku kwa siku, na ndiyo sababu hoja nyingi zinazojengwa juu yake huwa nyepesi. Majibu yafuatayo yanahusu Marekani ya miaka ile, isipokuwa jibu la mwisho, ambalo linatuhusu sisi.

Sheria hiyo ilikataza nini hasa?

Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa na robo tatu ya majimbo tarehe 16 Januari 1919 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Yalikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo, pamoja na kuviingiza nchini na kuvitoa. Hayakukataza kunywa. Aliyekuwa na uwezo wa kujaza stoo yake kabla ya tarehe 17 Januari 1920 aliruhusiwa kuendelea kunywa nyumbani kwake na wageni wake bila kuvunja sheria yoyote, na matajiri wengi walifanya hivyo, ilhali kibarua wa kiwandani aliyezoea kununua bia kwa glasi baada ya kazi hakuwa na njia hiyo.

Sheria ya utekelezaji, inayojulikana kwa jina la mbunge Andrew Volstead wa Minnesota, ilipitishwa Oktoba 1919 licha ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson. Iliweka kikomo cha nusu asilimia ya alkoholi, kiwango kidogo mno kwa bia yoyote. Wengi waliounga mkono marekebisho ya Katiba walidhani kwamba yanailenga pombe kali peke yake, na walipigwa na butwaa kukuta bia na divai nazo zimo. Ilibaki mianya michache: daktari aliruhusiwa kumwandikia mgonjwa wiski, na viongozi wa dini waliruhusiwa kupata divai ya ibada.

Kwa nini nchi nzima ilikubali jambo zito kiasi hicho?

Kwa sababu madhara yalikuwa ya kweli, na si haki kuwacheka waliopigania marufuku. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wamarekani walikunywa kupita kiasi. Inakadiriwa kwamba karibu mwaka 1830 mtu mzima mmoja alikunywa wastani wa takriban galoni 7 za alkoholi halisi kwa mwaka. Mke hakuwa na haki kubwa juu ya mshahara wa mumewe, na mume aliyeumalizia kwenye kilabu siku ya malipo aliwaacha watoto na njaa wiki nzima. Wanawake hao ndio walioanzisha Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kujiepusha na Kileo mwaka 1874. Mwaka 1893 ukafuata Umoja wa Kupinga Vilabu, ulioanzia Oberlin, Ohio, ambao chini ya mwanasheria Wayne Wheeler ulikuja kuwa na nguvu ya kumwangusha mbunge yeyote aliyeupinga.

Mambo mawili yalifungua njia. Kodi ya mapato, iliyoruhusiwa na Katiba mwaka 1913, iliipunguzia serikali utegemezi wa ushuru wa pombe, ambao kabla ya hapo ulileta karibu theluthi moja ya mapato yake. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa kuwa viwanda vingi vya bia vilimilikiwa na watu wenye asili ya Ujerumani, kuipinga bia kukawa uzalendo.

Je, magenge hayakuwapo kabla ya 1920?

Yalikuwapo, na anayesema kwamba marufuku iliuzaa uhalifu wa kupangwa anakosea. Chicago na New York zilikuwa na magenge ya kamari, ukahaba na utozaji wa ada za ulinzi miaka mingi kabla. Ila yalikuwa madogo, yakiishia mtaa mmoja au miwili, na yalimtegemea mwanasiasa wa mtaa, ambaye aliwatumia vijana hao kutisha wapiga kura siku ya uchaguzi na kuwakingia kifua polisi wakija. Mwanasiasa alikuwa bwana, jambazi alikuwa mtumishi.

Mfano mzuri ni Jim Colosimo wa Chicago, mwenye mgahawa maarufu na mtandao wa madanguro. Marufuku ilipoanza, msaidizi wake Johnny Torrio, mtu mtulivu aliyetokea New York, aliona mara moja ukubwa wa soko lililoachwa wazi, lakini Colosimo alikuwa ameridhika na alichonacho. Tarehe 11 Mei 1920 Colosimo alipigwa risasi ndani ya mgahawa wake mwenyewe. Hakuna aliyehukumiwa, na Torrio akashika usukani, akiwa na kijana aliyemleta kutoka Brooklyn, Alphonse Capone. Miaka michache baadaye ule uhusiano wa bwana na mtumishi ulikuwa umegeuka, kwa kuwa sasa mwenye fedha alikuwa mwenye genge.

Kwa nini pombe iliyakuza magenge kuliko kamari au ukahaba?

Jibu la kawaida ni kwamba pombe ilileta fedha nyingi. Hilo ni kweli, lakini naona halitoshi, kwa sababu linaacha jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kubeba kreti analijua: pombe ni mzigo. Pipa la kawaida la bia la Kimarekani lina takriban lita 117, yaani zaidi ya kilo 100 kabla ya kuhesabu uzito wa mbao zake. Halifichwi mfukoni. Linahitaji lori, dereva, wapakuzi, ghala lenye baridi, na barabara ambayo askari wake wameshalipwa waangalie kwingine. Kiwanda cha bia nacho kina bomba la moshi, na harufu ya shayiri inayochemshwa inasikika mtaa mzima, kwa hiyo hakiwezi kufanya kazi hata wiki moja bila polisi wa eneo hilo kujua.

Kamari inaweza kuendeshwa na mtu mmoja mwenye daftari. Bia haiwezi. Aliyetaka kuiuza kwa wingi alilazimika kuwa na watu wengi wenye mgawanyo wa kazi, wahasibu, mawakili, na bajeti ya rushwa inayolipwa kila mwezi kama vile mishahara inavyolipwa. Wateja nao walikuwa mamilioni ya watu wa kawaida wasiojiona wahalifu, walioendelea kutaka bia yao ya jioni. Biashara hiyo ndiyo iliyowafundisha majambazi wa mtaani kuendesha kampuni.

Pombe yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka kila upande. Kanada iliruhusu viwanda vyake kutengeneza pombe ya kuuza nje, na mto Detroit unaotenganisha Windsor ya Kanada na Detroit ya Marekani una upana wa chini ya maili moja sehemu nyingi. Boti zilipakia wiski Windsor zikiwa na hati zinazosema kwamba mzigo unakwenda Cuba, zikaondoka, na saa chache baadaye boti zile zile zikarudi kupakia tena, zikiwa zimeenda na kurudi Cuba kwa kasi ambayo hakuna afisa wa forodha aliyehoji. Majira ya baridi mto ulipoganda, magari yalivuka juu ya barafu, mengine milango ikiwa wazi ili dereva awahi kuruka barafu ikipasuka. Njia hiyo ilitawaliwa na genge la Detroit lililoitwa Genge la Zambarau.

Upande wa bahari ya Atlantiki, meli zenye ramu na wiski zilitia nanga nje ya mpaka wa maji ya Marekani, mwanzoni maili tatu tu kutoka pwani, na boti za kasi zikaenda kununua usiku. Mizigo mingi ilipitia Nassau, Bahamas, na visiwa vidogo vya Saint-Pierre na Miquelon, koloni la Ufaransa karibu na Newfoundland. Huko Saint-Pierre chupa zilitolewa kwenye makasha na kutiwa kwenye magunia yaliyojazwa majani ili zisigongane, na wenyeji wakayatumia mbao za makasha yaliyobaki kama kuni na hata kujengea.

Ndani ya nchi, mianya ya sheria ilitosha kumtajirisha mtu. George Remus, mfamasia aliyegeuka wakili, aliisoma sheria ya Volstead mstari kwa mstari, akahamia Cincinnati, akanunua viwanda vya wiski vilivyofungwa pamoja na kampuni za dawa zenye kibali cha kuuza wiski ya matibabu. Mzigo ulipotoka ghalani kihalali, watu wake wenyewe waliuteka njiani, na wiski ikaingia kwenye soko la magendo. Alikuja kufungwa, lakini baada ya kuhonga maafisa wengi mno.

Kwa maskini kulikuwa na mtambo wa jikoni. Magenge yalizipa familia vifaa na sukari, yakawalipa kwa siku, na kukusanya pombe kali nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba ndiye aliyeungua mtambo ulipolipuka.

Polisi na mahakama walikuwa wapi?

Serikali kuu ilianza na takriban mawakala 1,500 kwa nchi nzima, wakilinda mpaka wa Kanada, mpaka wa Mexico na pwani mbili za bahari. Mishahara yao ilikuwa midogo, na hadi 1927 waliajiriwa kwa kujuana na wanasiasa badala ya kupimwa kwa mtihani wa utumishi wa umma. Wakala aliyeombwa alale usiku mmoja asishike doria aliweza kupewa fedha zaidi ya mshahara wa miezi kadhaa. Katika muongo wa kwanza zaidi ya 1,500 walifukuzwa kwa makosa, rushwa ikiwa mbele.

Askari wengine hawakungoja kuhongwa. Roy Olmstead, luteni wa polisi wa Seattle, alikamatwa mwaka 1920 akipakua wiski ya Kanada, akafukuzwa kazi, na kwa kuwa sasa alikuwa huru akaikuza biashara hiyo hadi akawa mmoja wa waajiri wakubwa wa eneo lake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1928, ambayo kwa kura 5 dhidi ya 4 iliruhusu ushahidi uliopatikana kwa kunasa simu. Jaji Louis Brandeis aliandika hukumu ya kupinga uamuzi huo, na zaidi ya miaka 30 ilipita kabla mahakama hiyo kuukubali mtazamo wake.

Chicago ilipomchagua meya mkali, William Dever, mwaka 1923, Torrio na Capone walihamishia ofisi zao mji jirani wa Cicero. Siku ya uchaguzi wa mji huo, tarehe 1 Aprili 1924, watu wenye silaha walisimama vituoni wakiwauliza wapiga kura wanampigia nani, na kaka yake Capone aliuawa katika majibizano na polisi jioni hiyo. Wagombea waliotakiwa na genge walishinda.

Wakati vigogo wakipita, sheria ilimshukia aliye chini. Mwaka 1928, mjini Lansing, Michigan, mama wa watoto 10 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuuza jini kidogo, kwa sababu lilikuwa kosa lake la nne. Kelele za umma zilifanya sheria hiyo ilegezwe, naye akaja kuachiliwa, lakini ni vigumu kusoma habari hiyo bila uchungu.

Kwa nini wauzaji waliuana? Si soko lilikuwa kubwa la kuwatosha wote?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na kisa kimoja cha Chicago kinalijibu vizuri.

Mwaka 1924 Torrio alikuwa na ubia katika kiwanda cha bia cha Sieben pamoja na Dean O'Banion, kiongozi wa genge la upande wa kaskazini, ambaye pia alipenda sana maua na alikuwa na duka la maua linalofanya kazi kweli. O'Banion alisema amechoka na biashara na anataka kustaafu, akamuuzia Torrio hisa zake kwa dola 500,000. Asubuhi ya tarehe 19 Mei polisi walikivamia kiwanda na kumkamata Torrio akiwa pale pale. O'Banion alikuwa amepata habari ya uvamizi huo mapema. Alimuuzia mwenzake kitu alichojua kwamba kitatwaliwa.

Tufikirie sasa Torrio angefanya nini kama bidhaa ingekuwa sukari au saruji. Angekwenda kwa wakili, angefungua madai ya udanganyifu, na hakimu angeamuru arudishiwe fedha. Kwa bia hakukuwa na hati ya kuonyesha wala hakimu wa kumwendea, na kunyamaza kungewaambia washirika wake wote kwamba Torrio anaweza kuibiwa bila kujibu. Tarehe 10 Novemba 1924 wanaume watatu waliingia katika duka la maua. O'Banion, aliyekuwa akitayarisha maua ya mazishi, alinyoosha mkono kuwasalimu. Mmoja akaushika na kuukaza, na wengine wakafyatua risasi.

Kulipiza kisasi kulifuata kwa miaka. Januari 1925 Torrio alipigwa risasi mbele ya nyumba yake, akapona, akatumikia kifungo chake cha kesi ya Sieben, kisha akamwachia kila kitu Capone, aliyekuwa kijana wa miaka 26. Oktoba 1926 mrithi wa O'Banion, Hymie Weiss, aliuawa mkabala na kanisa kuu la Kikatoliki, na risasi zikachubua jiwe la msingi la kanisa. Ukiwaondoa watu hawa wenye hasira na kuwaweka wapole, bado ugomvi wa mikataba, wa mipaka ya mauzo na wa wadeni wasiolipa ungekuwapo, na bado kusingekuwa na mahali pa kuupeleka. Kampuni za bia za leo hudhulumiana pia, lakini mameneja wao hukutana mahakamani.

Ni nini kilitokea Siku ya Valentine mwaka 1929?

Asubuhi ya tarehe 14 Februari 1929 watu saba walikuwa ndani ya gereji moja katika mtaa wa North Clark, Chicago, iliyotumiwa na genge la kaskazini lililoongozwa wakati huo na George Moran. Gari lililofanana na la polisi lilisimama nje. Waliingia watu wanne hivi, wawili kati yao wakiwa na sare za polisi, wakawaamuru wote saba wageukie ukutani. Walitii, maana walidhani ni msako wa kawaida ambao ungeishia kwa dhamana na kitu kidogo. Walimiminiwa risasi za bunduki za rashasha.

Majirani waliitwa na mbwa aliyekuwa amefungwa chini ya lori na hakuacha kubweka. Mmoja wa saba hao, Frank Gusenberg, alikutwa hai akiwa na majeraha 14 ya risasi, na askari walipomuuliza ni nani aliyempiga alikataa kutaja mtu hadi alipokufa saa chache baadaye. Kati ya waliouawa alikuwamo fundi magari na mpima macho aliyependa tu kukaa na majambazi. Moran mwenyewe alichelewa, akanusurika. Capone alikuwa Florida, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Umma, uliokuwa ukimshangilia Capone uwanjani, ulibadilika.

Je, ulevi ulipungua?

Ulipungua, na anayepinga marufuku hana budi kulikubali hilo. Makadirio ya wanauchumi yanaonyesha kwamba unywaji ulishuka mwanzoni hadi karibu asilimia 30 ya kiwango cha awali, kisha ukapanda hadi asilimia 60 au 70 miaka michache baadaye. Vifo vya ugonjwa wa ini unaotokana na pombe vilipungua pia. Hata baada ya marufuku kuondolewa, ilichukua miongo kadhaa kwa Wamarekani kurudia unywaji wao wa kabla ya vita. Kilichobadilika ni aina ya kinywaji: bia ni mzigo mkubwa wenye faida ndogo kwa kila lita, kwa hiyo anayesafirisha kwa kificho hupendelea pombe kali, na mnywaji hunywa anacholetewa.

Ni kweli kwamba serikali yenyewe ilitia sumu kwenye pombe?

Ni kweli, ingawa maelezo yanahitajika. Alkoholi ya viwandani, inayotumika kutengeneza rangi na dawa, ilikuwa halali na haikutozwa ushuru, na tangu 1906 ilitiwa vitu vya kuifanya isinyweke, ikiwamo methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Magenge yaliiiba kwa wingi na kuwalipa wanakemia waisafishe. Mwishoni mwa 1926 serikali ikaagiza michanganyiko mikali zaidi, huku ikijua kwamba sehemu ya alkoholi hiyo itaishia vinywani mwa watu. Krismasi ya mwaka huo hospitali za New York zilipokea wagonjwa wengi waliopofuka au kuzimia, na kadhaa walikufa. Charles Norris, mpasuaji mkuu wa maiti wa jiji hilo, aliilaumu serikali hadharani na kueleza kwamba wanaokufa ni wale wasio na uwezo wa kununua pombe nzuri. Wayne Wheeler alijibu kwamba anayekunywa kitu hicho anajiua kwa makusudi.

Mwaka 1930 likaja janga jingine. Dawa ya tangawizi yenye alkoholi nyingi, iliyouzwa kwenye maduka ya dawa na kunywewa na maskini wa kusini na katikati ya nchi, ilichanganywa na kemikali ya viwandani ili kupita vipimo vya serikali. Kemikali hiyo iliharibu neva. Makumi ya maelfu ya watu walipooza miguu, wakawa wanatembea kwa kuitupa mbele, vidole vikigusa ardhi kabla ya kisigino, na kila aliyewaona njiani alijua walichokunywa.

Kwa nini Capone alifungwa kwa kodi na si kwa pombe wala mauaji?

Kwa sababu mashahidi walikufa au walisahau, lakini hesabu haziogopi bastola. Mabel Walker Willebrandt, Naibu Mwanasheria Mkuu aliyesimamia kesi za marufuku kuanzia 1921 hadi 1929, alisukuma hoja kwamba mapato haramu nayo yanatozwa kodi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilimkubalia katika kesi ya Manly Sullivan, muuza magendo wa South Carolina. Capone alikuwa hajawahi kuwasilisha taarifa ya mapato. Wachunguzi wa kodi walizitafuta leja za nyumba zake za kamari, wakawapata waliozijaza. Kesi ilipoanza Oktoba 1931, Jaji James Wilkerson, aliyekuwa amepata habari kwamba wazee wa baraza wameshafikiwa na watu wa Capone, alilibadilisha baraza lote na la kesi nyingine. Capone alipewa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Alitoka mwaka 1939 akiwa mgonjwa, akafariki Januari 1947.

Marufuku iliondolewa vipi?

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliikausha hazina, na watu wasio na kazi wakaanza kuuliza kwa nini ushuru wa bia uende kwa majambazi. Pauline Sabin, mwanamke tajiri wa New York aliyewahi kuiunga mkono marufuku kwa ajili ya wanawe, alianzisha mwaka 1929 jumuiya ya wanawake ya kuipinga, na hapo ikavunjika dhana kwamba wanawake wote wako upande mmoja. Bia hafifu iliruhusiwa kuanzia tarehe 7 Aprili 1933, na Marekebisho ya 21 yakakamilika tarehe 5 Desemba 1933, Utah likiwa jimbo la 36 kuidhinisha. Kila jimbo liliachiwa uamuzi wake. Mississippi iliendelea na marufuku hadi 1966.

Je, magenge yalikufa marufuku ilipoisha?

Hayakufa. Kufikia 1933 yalikuwa na mtaji, malori, wahasibu na maafisa waliozoea bahasha ya kila mwezi, na yote hayo yalihamishika. Wakuu wa magenge ya Kiitaliano ya New York, baada ya vita vya ndani vya 1930 na 1931, waliunda chini ya Lucky Luciano baraza la kusuluhisha migogoro, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa jaribio la kujitengenezea mahakama waliyoikosa kwa miaka 11. Waliingia kwenye kamari, riba ya kikatili, vyama vya wafanyakazi wa bandarini na wa malori, na dawa za kulevya. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver ilipowahoji mbele ya televisheni mwaka 1951, baadhi ya waliokaa mezani walikuwa wauza magendo wa miaka ya 1920. Vita vya bia barabarani, hata hivyo, vilikwisha, na hakuna genge lililopigania tena mipaka ya kuuza lager.

Je, jambo hili limewahi kuonekana Afrika Mashariki?

Limeonekana kwa kiwango cha mtaa. Gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya zilikuwa haramu kwa miongo mingi. Kenya ilipitisha sheria mahususi ya kupiga chang'aa marufuku mwaka 1980. Wanawake wa mitaa ya mabanda waliendelea kuipika, kwa sababu ndiyo iliyolipa karo na kodi ya nyumba, na kila aliyepita na sare alichukua chake. Sumu nayo ilikuja: Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa maalumu, masharti ambayo mpishi wa kando ya mto hawezi kuyatimiza, na vifo vya methanoli vilijirudia mwaka 2014.

Kisa kinachokaribia zaidi kile cha Chicago kilitokea Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwezi Novemba 2006. Genge la Mungiki lilikuwa likiwatoza wapishi wa chang'aa ada, na lilipotaka kuipandisha wapishi walikataa. Hawangeweza kwenda kituo cha polisi kulalamika kwamba wanatozwa zaidi kwa bidhaa ambayo kuipika ni kosa. Waliliita genge jingine, lililojiita Taliban, liwalinde. Mapigano yaliyofuata yaliua watu kadhaa, nyumba nyingi za mabati zikateketezwa, na maelfu ya wakazi, wengi wao wasiohusika na chang'aa kwa njia yoyote, wakakimbia na magodoro kichwani.